Dawa ya Unga na Picha Nyeusi na Nyeupe: Kutoka Unguja hadi Hedaru

Mabishano ya wapigapicha kuhusu dawa ya kusafishia mikanda hayajawahi kuisha. Mmoja anaapa kwa D-76, mwingine anaisifu Microphen, wa tatu anasema aliyeonja XTOL harudi nyuma. Kwa kawaida wanapima mambo mawili, yaani picha ilivyo kali na chembe zake zilivyo ndogo, na majaribio yao hufanyika kwenye vyumba vyenye kiyoyozi na maji ya bomba yaliyochujwa. Yahamishie mabishano hayo Hedaru, wilayani Same, kwenye ukanda mkavu ulio kati ya milima ya Upare Kusini na mto Pangani, utaona maswali mengine yanatangulia. Je, dawa itafika ikiwa nzima? Itavumilia maji yenye chokaa na joto la mchana? Mtu anayesafisha mikanda michache ataimaliza kabla haijaharibika? Historia ya dawa hizi katika Afrika Mashariki, tangu mabamba ya kioo ya karne ya 19 hadi leo, inaonyesha kwamba maswali haya yana uzito mkubwa katika kuamua dawa ipi idumu na ipi isahaulike. D-76, kanuni ya mwaka 1927, imezishinda nyingi zilizokuja baada yake kwa sababu inasafiri vizuri, inasamehe makosa, na viungo vyake viliwekwa wazi kwa kila mtu. Ubora wa picha ni sababu ya nne.

Mabamba ya kioo na pwani, 1860–1890

Mwaka 1860 James Augustus Grant alipiga picha Unguja, alipokuwa akijiandaa pamoja na John Hanning Speke kwenda bara kutafuta chanzo cha mto Nile. Enzi hizo picha ilinaswa kwenye bamba la kioo lililopakwa kolodioni, na bamba hilo lilitakiwa lisafishwe likingali bichi, dakika chache tu baada ya kupigwa. Kwa hiyo mpigapicha alitembea na chumba chake cha giza, chupa zake na maji yake. Safari ya Speke haikufika mbali kabla ya kuachana na kazi hiyo. Joto la ndani ya kihema cha kutayarishia mabamba lilikuwa kali kiasi kwamba Speke aliona lingemuua mwenzake, akamwambia achore badala ya kupiga picha. Tukio hilo ni dogo katika vitabu vya historia, lakini linabeba mkasa wote unaofuata: katika nchi za joto, kupiga picha hakukuwa tatizo kubwa kama kuisafisha.

Si ajabu basi kwamba upigaji picha ulianza kuota mizizi bandarini. A.C. Gomes, mwenye asili ya Goa, alifungua studio Unguja mnamo 1868, na baadaye wakafuata wengine kama ndugu wa Coutinho. Bandari ilikuwa na meli za kuleta kemikali, na studio ilikuwa na paa, maji na kivuli. Hali ilianza kubadilika baada ya mwaka 1871, Mwingereza Richard Leach Maddox alipobuni bamba la jelatini ambalo lilitumika likiwa kavu. Ndani ya miaka kama kumi viwanda vilikuwa vikiuza mabamba tayari kwenye maboksi. Hans Meyer alipofika kilele cha Kibo mwaka 1889, mpigapicha msafiri hakulazimika tena kusafisha bamba papo hapo. Lakini dawa yenyewe ilikuwa bado inasumbua. Pirogaloli, iliyotawala wakati ule, ikishachanganywa na magadi hugeuka kahawia upesi na kupoteza nguvu, na huacha madoa kwenye vidole na kwenye bamba. Mwaka 1880 William Abney alionyesha kwamba haidrokwinoni inaweza kufanya kazi hiyo kwa utulivu zaidi. Kiungo kimoja cha dawa ya kisasa kilikuwa kimepatikana.

Vidonge, reli na vita, 1891–1918

Mwaka 1891 ulileta mambo mawili makubwa kutoka Ujerumani. Kampuni ya Agfa, kupitia mkemia Momme Andresen, ilitoa Rodinal, dawa ya maji mazito inayozimuliwa kidogo kidogo kila inapohitajika. Mwaka huohuo Alfred Bogisch, aliyefanya kazi na kiwanda cha Hauff, akaleta metoli. Metoli huamsha picha haraka lakini huiacha imepoa. Haidrokwinoni huchelewa kuanza lakini huipa picha weusi wa kutosha. Zikiunganishwa, nguvu yake hupita jumla ya kila moja peke yake. Tangu hapo njia mbili zikawa wazi, ya chupa na ya unga, na swali la ipi bora limeendelea hadi leo.

Kwa Afrika, unga ulianza na faida iliyokuwa dhahiri. Kampuni ya Burroughs Wellcome ya London, iliyompa Henry Morton Stanley masanduku ya dawa za binadamu zilizobanwa kuwa vidonge, ilitumia ufundi uleule kutengeneza vidonge vya kusafishia picha. Kidonge hakimwagiki, hakivunjiki njiani kama chupa, na kila kimoja kina kipimo chake. Mtu hakuhitaji mizani. Alihitaji maji tu.

Wakati huo Upare ulikuwa ukifunguka kwa nguvu za wakoloni na wamisionari. Waadventista Wasabato walianza kazi Mamba Giti mwaka 1903. Misheni ya Leipzig ilikuwa na vituo vyake, na huko Mbaga mmisionari Jakob Dannholz aliishi kuanzia 1908 hadi 1917. Picha za Misheni hiyo kutoka Upare zimehifadhiwa hadi leo, na ni miongoni mwa kumbukumbu za mwanzo za sura za watu na makazi ya milimani. Mpigapicha Walther Dobbertin naye alifanya kazi katika koloni la Wajerumani tangu 1903 hadi alipotekwa na Waingereza mwaka 1916. Reli ya Usambara, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, ilifika Buiko 1909, ikapita Hedaru, Makanya na Same, na kukamilika hadi Moshi mnamo 1911. Hedaru ikawa kituo. Mzigo uliotoka bandarini Tanga sasa ulifika chini ya milima bila kubebwa kichwani.

Vita Kuu ya Kwanza vikaivunja njia hiyo pande zote mbili. Mei 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jan Smuts yaliteremka kando ya mto Pangani na reli, yakipita chini ya milima ya Upare, huku Wajerumani wakirudi nyuma na kung'oa reli. Huko Ulaya nako biashara ya kemikali za Ujerumani ilikuwa imekatika, na bei ya metoli ikapanda sana. Uingereza na Marekani zililazimika kujitengenezea. Metoli ya Kodak ikauzwa kwa jina la Elon. Matokeo yake ni kwamba vita vilipokwisha na Tanganyika kuwekwa chini ya Uingereza, si bendera peke yake iliyokuwa imebadilika. Elimu ya kutengeneza dawa za picha ilikuwa imetawanyika, na hakuna nchi moja iliyoishika tena peke yake.

Kanuni iliyowekwa wazi, 1927–1970

Ndipo ilipokuja D-76. John Capstaff wa Kodak aliitunga kwa ajili ya filamu za sinema, wala hakuwa akimlenga mpigapicha wa nyumbani. Kwa lita moja ya maji ina gramu 2 za metoli, gramu 5 za haidrokwinoni, gramu 100 za salfaiti ya sodiamu na gramu 2 za boraksi. Ukiitazama kwa makini, siri yake iko kwenye vile viungo viwili vya mwisho. Salfaiti nyingi kiasi hicho huikinga dawa isiliwe na hewa, na pia hulainisha kingo za chembe za madini ya fedha hadi picha ikaonekana laini. Boraksi nayo ni alikali ya upole, hivyo kazi huenda taratibu na kosa la nusu dakika haliharibu mkanda. Kodak haikuificha kanuni hiyo. Ilichapishwa, na kampuni ya Ilford ikawa na ID-11, ambayo kimsingi ni dawa ileile. Duka lilipokosa pakiti ya kampuni moja, ya nyingine ilitosha; na palipokosekana zote mbili, mwenye mizani na viungo aliweza kuchanganya mwenyewe.

Kipindi hiki ndicho kilichoijenga studio ya Afrika Mashariki. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930. Mombasa ikawa na studio ya Parekh kuanzia miaka ya 1940, na Lamu, katika miaka ya 1960, Omar Said Bakor, aliyejifunza mwenyewe, aliunganisha negativu ndani ya chumba cha giza na kutoa picha za ajabu. Mwaka 1963 Mohamed Amin, kijana aliyeanza na kamera ya boksi, alianzisha Camerapix jijini Dar es Salaam. Hawa walipiga picha, wakazisafisha na kuzichapa wenyewe. Uhuru huo wa kumaliza kazi yote chini ya paa moja uliwezekana kwa sababu picha nyeusi na nyeupe haidai mashine kubwa, na dawa yake iliweza kukaa rafuni.

Makampuni hayakulala. Ilford waliitambua fenidoni mwaka 1940. Kiungo hiki hufanya kazi ya metoli kwa kiasi kidogo zaidi, na hakiwashi ngozi kama metoli inavyowawasha baadhi ya watu. Kutokana nacho ikapatikana Microphen, inayouongezea mkanda wepesi wa kunasa mwanga hafifu. Kwa upande wa pili zikaja Microdol ya Kodak na Perceptol ya Ilford, zinazotoa chembe ndogo sana lakini zinautoza mkanda sehemu ya wepesi wake. Hapo ndipo ulinganisho wa kisasa ulipozaliwa: Microphen kwa giza, Perceptol kwa ulaini, D-76 na ID-11 katikati.

Joto na maji: mizani ya Hedaru

Ulinganisho huo una kasoro moja: unachukulia kwamba maji ni nyuzi joto 20. Chukua mkanda wa HP5 Plus. Kwa ID-11 isiyozimuliwa, Ilford wanataja dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20. Joto likipanda hadi nyuzi 28, jambo la kawaida kwenye tambarare ya Hedaru, muda hushuka chini ya dakika 4. Muda mfupi hivyo ni hatari, kwa maana dawa inayoingia na kutoka kwenye tangi kwa sekunde kadhaa huacha mistari na mabaka. Zimua dawa hiyohiyo kwa sehemu moja ya dawa na tatu za maji, muda unakuwa dakika 20 kwa nyuzi 20, na kwa nyuzi 28 unabaki karibu dakika 10. Pakiti moja imegeuka dawa ya nchi ya joto bila kuongezwa kitu. Kodak walikuwa na dawa maalumu ya tropiki, DK-15, yenye salfeti ya sodiamu ya kuzuia jelatini isivimbe, lakini mpigapicha mdogo hawezi kuweka akiba ya dawa mbili. Aliye juu milimani, Chome au Mbaga, ana unafuu wa baridi na anaweza kufuata majedwali kama yalivyoandikwa. Wa chini azimue, afanye kazi usiku, na atumie maji ya mtungi: hewa kavu ya ukanda huu hunyonya unyevu wa mtungi upesi, na maji ya ndani hupoa vizuri kuliko yanavyopoa pwani.

Maji nayo yana habari yake. Milima huzuia mvua inayotoka Bahari ya Hindi, hivyo upande wa Hedaru ni mkavu, na kwa vizazi vingi Wapare wamekusanya maji ya vijito kwenye ndiva, yaani mabwawa madogo, na kuyagawa kwa mifereji. Makanya, kituo kinachofuata baada ya Hedaru kuelekea Same, huchimbwa jasi, ambayo ni salfeti ya kalsiamu. Kuna ugumu wa maji unaoondoka kwa kuchemsha, lakini ule unaotokana na jasi hauondoki. Sufuria ichemke kutwa nzima, kalsiamu inabaki. Kalsiamu hiyo ikikutana na chumvi za dawa hutoa ukungu mweupe unaoganda kwenye mkanda. Pakiti za viwandani aghalabu huwekewa kiungo cha kuifunga kalsiamu, na hii ni sababu moja ya kuchagua pakiti kuliko kujipimia kwa mizani. Njia rahisi zaidi ni maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati na kuchujwa kwa kitambaa safi.

Ni hapa kwenye maji ambapo XTOL, iliyotolewa na Kodak mwaka 1996, inapoteza sehemu ya sifa zake. Katika majaribio mengi inatoa chembe ndogo, ukali mzuri na wepesi kidogo zaidi kuliko D-76, tena huyeyuka kwenye maji yasiyopashwa moto, ilhali D-76 inadai maji ya nyuzi 50 hivi. Lakini nguvu yake inategemea jamii ya vitamini C, ambayo huharibiwa haraka na chembechembe za chuma au shaba ndani ya maji. Inapokufa haibadiliki rangi kukuonya. Mkanda hutoka mweupe, na picha zimekwenda. Zaidi ya hayo, pakiti yake ni ya lita 5. Unga wa aina hii hauwezi kuchotwa kidogo kidogo, kwa kuwa viungo havijasambaa sawasawa ndani ya mfuko. Ukifungua, changanya wote. Studio yenye wateja kila siku itazimaliza lita 5, lakini mtu wa nyumbani atamwaga nyingi.

Uhaba, mpaka na rangi, 1970 hadi leo

Miaka ya 1970 ilitoa jaribio ambalo hakuna maabara ingeweza kulipanga. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Kwa Upare, ulio jirani na Taveta, bidhaa za Nairobi zilizokuwa karibu zikawa mbali. Vita vya Kagera vya 1978–79 vikafuata, fedha za kigeni zikaadimika, na sabuni na sukari zikawa za foleni. Bidhaa isiyo ya lazima kama dawa ya picha haikuwa na nafasi mbele ya mafuta na vipuri. Katika mazingira hayo unga uliofungwa vizuri, unaoweza kusubiri miaka kadhaa kabla ya kuchanganywa, ulikuwa na thamani ambayo jedwali la ukali wa picha haliwezi kuionyesha.

Kilichoiondoa dawa ya unga kwenye studio ni rangi. Mfumo wa mikanda ya rangi ulioanza mwaka 1972 unadai nyuzi joto 37.8 bila kupanda wala kushuka, na mashine ndogo za maabara zilizoenea tangu miaka ya 1980 zilifanya kazi hiyo mjini kwa haraka. Milango ya biashara ilipofunguliwa Tanzania katikati ya muongo huo, mteja alitaka rangi. Mpigapicha wa mji wa barabarani akawa mtu wa kupiga na kupeleka. Mkanda ulipanda basi, picha zikarudi na basi. Alipata wateja zaidi lakini akapoteza nusu ya ufundi wake, na kamera za dijitali zilipofika hakuwa na chumba cha giza cha kulinda. Kodak yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Januari 2012.

Hata hivyo ile kazi ya zamani haikufa. Mwaka 2015 negativu zipatazo 70,000, nyingi za enzi ya Idi Amin, zilibainika kwenye makabati ya Shirika la Utangazaji la Uganda, na sehemu yake ikaonyeshwa katika Makumbusho ya Uganda mwaka 2019. Mikanda iliyosafishwa kwa mikono na kukazwa vizuri kwa dawa ili picha isififie ilikuwa bado inasomeka baada ya takribani miaka 40.

Hoja za upinzani, na uamuzi

Wapo watakaosema kwamba studio zilikuwa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, hivyo kuipima dawa kwa mizani ya Hedaru ni kulazimisha mambo. Ni kweli studio zilijaa mijini. Lakini kadiri mtu anavyokuwa mbali na bandari ndivyo sifa za unga zinavyoonekana, na leo kazi hii haihitaji hata chumba cha giza: mkanda huingizwa kwenye tangi ndani ya mfuko mweusi au usiku chumbani, kisha kila kitu hufanyika kwenye mwanga.

Hoja nzito zaidi ni ya dawa za maji. Rodinal hudumu miaka mingi hata chupa ikiwa imefunguliwa, wakati D-76 iliyochanganywa hukaa miezi sita kwenye chupa iliyojaa hadi shingoni na miwili tu ikiwa nusu. Anayesafisha mkanda mmoja kila baada ya miezi kadhaa ana haki ya kuchagua chupa, akikubali chembe kubwa na alikali kali inayochoma ngozi. Kwa anayepiga zaidi ya hapo, hesabu inageuka. Lita moja ya ID-11 ikizimuliwa kwa sehemu moja ya dawa na moja ya maji husafisha mikanda sita kwenye tangi la mililita 300, na saa ya kuharibika haianzi hadi siku ya kuchanganya.

Kuna pia wanaopendekeza kahawa, njia iliyotoka darasani Rochester, Marekani, mwaka 1995: kahawa ya unga, magadi ya kufulia na vitamini C. Wazo linavutia katika nchi yenye Africafé ya Bukoba na mashamba ya kahawa huko juu milimani. Inafanya kazi, lakini magadi ya sokoni ni mchanganyiko wenye alikali pungufu kuliko ya kufulia, na nguvu yake hutofautiana kila fungu. Kwa majaribio ni jambo la kufurahisha. Kwa picha ya harusi ni kamari.

Hivyo anayeanza leo Hedaru, Same au mji wowote wa namna hiyo anunue pakiti ya lita moja ya ID-11 au D-76. Ayeyushe unga wote kwa maji ya mvua yaliyopashwa moto, aiache dawa ipoe hadi siku ya pili, na aigawe kwenye chupa ndogo zilizojaa pomoni. Azimue kulingana na joto la siku hiyo, aandike muda na matokeo ya kila mkanda, na vyombo vya dawa visirudi jikoni. Akishasafisha mikanda ishirini kwa dawa hiyo moja ndipo ajiulize kama anaihitaji nyingine.